Pointi 44 nyuma, lakini wakashinda: fainali ya Melbourne ya 1970

Tarehe 26 mwezi wa 9, mwaka 1970, siku ya posho, watu 121.696 walijaa katika uwanja mumoja wa mupira, kule Melbourne, inchi ya Australia. Hakuna muchezo mwingine wa mupira wao uliopata watu wengi vile, hata leo. Walikuja kuangalia fainali: Collingwood na Carlton. Saa ya mi-temps Carlton walikuwa nyuma kwa pointi 44. Hakuna ekipe iliyokuwa imetoka katika shimo refu sawa lile siku ya fainali na kushinda. Lakini jioni ile kombe lilikwenda Carlton.

Sisi wa sendika tunazoea kuandika hapa juu ya mishahara, mikataba, buti na vifaa vya kujikinga. Leo tunaleta habari ya mupira wa mbali, na tuko na sababu mbili. Ya kwanza, ni muchezo muzuri, na mutu wa mine anapenda muchezo muzuri. Ya pili, ndani ya habari ile kuko mambo ya kazi, ya mushahara na ya kusaidiana, na mambo hayo tunayajua sana hapa kwetu.

Tena Australia haiko mbali na sisi sawa ramani inavyoonyesha. Mine ya Kinsevere, hapa karibu na Lubumbashi, iko mikononi mwa MMG, kampuni yenye ofisi yake kubwa Melbourne. Wengi wetu tumefanya kazi pamoja na Waaustralia. Mwezi wa 9 ukifika, utawasikia wanabishana juu ya ekipe zao, sawa vile sisi tunabishana juu ya Mazembe na Lupopo. Sasa tueleze kitu gani kinawafanya wabishane.

Muchezo wenyewe

Mupira wa Australia si football yetu, na si rugby. Uwanja uko na umbo la yai. Mupira nao ni murefu-murefu, sawa yai. Kila ekipe inaweka wachezaji 18 uwanjani. Muchezaji anaweza kudaka mupira kwa mikono, anaweza kukimbia nao akiudundisha chini, anaweza kuupiga kwa muguu. Lakini kuutupa kwa mukono ni kosa. Akitaka kumupa mwenzake kwa mukono, anauweka mupira juu ya kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mukono wa pili. Mushike neno hili la ngumi, litarudi.

Kila upande wa uwanja kuko nguzo nne. Ukipiga kwa muguu na mupira ukapita kati ya nguzo mbili za katikati, ni goli: pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ya katikati na ile ndogo ya inje, ni pointi 1 tu. Na mutu akidaka mupira hewani, uliopigwa kwa muguu kutoka mbali na haujagusa chini, anapewa nafasi ya kupiga bila kusukumwa na mutu. Njo maana wanaruka sana, wengine wanapanda hata juu ya mabega ya mwenzao.

Muchezo unagawanywa mara nne. Katika mwaka 1970 kila ekipe ilikuwa na wachezaji wa akiba wawili tu. Aliyetolewa alitoka kabisa, hakuna kurudi.

Mupira uliozaliwa karibu na shimo

Watu wa mine wako na sehemu yao katika historia ya mupira huu. Mwaka 1851 zahabu ilionekana katika jimbo la Victoria, ambako Melbourne ni muji mukubwa. Watu wakaja kutoka pande zote za dunia kuchimba. Serikali ya Waingereza ikadai kila muchimbaji alipe leseni kila mwezi, apate zahabu ao asipate. Kule Ballarat wachimbaji walichoma makaratasi ya leseni, wakajenga uzio wa miti mahali panapoitwa Eureka. Tarehe 3 Desemba 1854, alfajiri, askari wakawaingilia, na wachimbaji zaidi ya 20 wakafa. Mwaka uliofuata leseni ile ikafutwa. Creuseurs wetu wakisoma habari hii, hawatatuomba maelezo zaidi.

Mwaka 1856 mafundi wa mawe wa Melbourne waliweka vyombo chini na kutembea pamoja katika muji. Walidai kazi ya saa 8 kwa siku, mushahara usiguswe. Walipata. Miaka mitatu nyuma yake, katika 1859, kanuni za kwanza za mupira huu zikaandikwa katika muji ule ule. Saa 8 za kazi, na kisha nusu siku ya mapumziko siku ya posho, njo zilijaza viwanja. Mutu anayefanya kazi kutoka giza mupaka giza hawezi kufika kwenye mupira. Na hawakuja wanaume peke yao: tangu zamani wamama walikuwa wengi kati ya watazamaji.

Muchezo ukafuata mashimo: Ballarat, Bendigo, Kalgoorlie kwenye zahabu, Broken Hill kwenye feza, risasi na zinki. Wachimbaji wa Broken Hill waligoma miezi 18, kutoka 1919 mupaka 1920, na wakapata saa 35 za kazi kwa juma kwa wale wanaoshuka chini. Saa 35! Hapa kwetu, zaidi ya miaka 100 nyuma yake, muhesabu wenyewe saa zenu.

Hata kwetu mupira na kazi viko na historia moja, na historia yetu iko na damu. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma juu ya mushahara walikusanyika katika uwanja wa mupira wa Élisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo. Askari wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa ajili ya wenzake, aliuawa pale. Kwa sababu hiyo, sisi tukisikia neno uwanja, tunasikia zaidi ya muchezo.

Ekipe mbili, jirani mbili

Collingwood na Carlton ni makwartiere ya Melbourne, zote mbili karibu na katikati ya muji. Collingwood ilikuwa kwartiere ya viwanda, ya watu wa kushona viatu, ya nyumba ndogo zilizobanana. Ekipe yake inavaa mistari myeusi na myeupe. Katika miaka ya 1927, 1928, 1929 na 1930 ilichukua kombe mara nne kwa kufuatana, wakati ukosefu wa kazi ulikuwa unaanza kuumiza watu, na hakuna ekipe nyingine iliyofanya vile mupaka leo. Carlton inavaa bluu ya giza. Iko na wapenzi wa kila namna, lakini kati yao kulikuwa hata Robert Menzies, aliyekuwa waziri mukuu wa inchi kwa miaka mingi. Munaona namna mambo yalivyopangwa.

Mwaka ule wa 1970, Collingwood ilimaliza musimu katika nafasi ya kwanza. Ilikutana na Carlton mara tatu mbele ya fainali, na mara zote tatu Collingwood ilishinda. Mbele yake ilikuwa na Peter McKenna, mupigaji wa magoli 143 katika mwaka ule mumoja. Hata hivyo wapenzi wao walikuwa na woga. Kombe la mwisho lilikuwa la 1958. Katika 1964 walipoteza fainali kwa pointi 4. Katika 1966 walipoteza kwa pointi 1. Kocha wao ilikuwa Bob Rose, muchezaji mukubwa wa zamani wa Collingwood yenyewe, mutoto wa nyumba.

Carlton nao walikuwa na Ron Barassi. Baba yake, naye muchezaji, alikufa vitani Tobruk katika 1941, mutoto akiwa bado mudogo. Barassi alishinda kombe mara sita na ekipe ya Melbourne, halafu mwisho wa 1964 akahama, akakwenda kuwa kocha wa Carlton. Watu walilia. Wakati ule muchezaji kuacha ekipe yake ilikuwa sawa kuacha dini. Lakini katika 1968 aliwapa Carlton kombe walilolingojea miaka 21.

Mugomo mbele ya musimu

Hapa njo sisi wa sendika tunasimama kidogo.

Katika miaka ile wachezaji hawakuishi kwa mupira. Walikuwa na kazi zao, mukufunzi, muuzaji, fundi, na mupira ulikuja jioni na siku ya posho. Tangu 1930 wakubwa wa chama cha mupira cha Victoria, VFL, walikuwa wameweka sheria iliyoitwa sheria ya Coulter: muchezaji asipate zaidi ya pauni 3 kwa muchezo. Nyota na mutu wa kawaida, wote chini ya kipimo kimoja. Na muchezaji hakuweza kwenda ekipe nyingine kama ekipe yake haikumupa karatasi ya ruhusa. Mulango ulikuwa na funguo moja, na funguo ilikuwa mufukoni mwa bwana.

Mwanzo wa 1970, Collingwood walimuleta Peter Eakins kutoka Australia ya Mangaribi, na walimuahidi feza nyingi. Kapiteni wa Collingwood, Des Tuddenham, na musaidizi wake Len Thompson, walisikia. Wao waliokuwa wanabeba ekipe kwa miaka walikuwa wanapata kidogo kuliko mugeni ambaye hajacheza hata muchezo mumoja. Wakakataa kuja kwenye mazoezi mupaka malipo yao yatazamwe. Katika Essendon, ekipe nyingine ya muji ule, wachezaji watano waligoma pia musimu ule ule.

Tuddenham na Thompson walirudi mbele ya musimu kuanza. Lakini walirudi bila cheo. Ukapiteni ulichukuliwa, ukapewa Terry Waters. Mutu wa mine anaijua azabu ya namna hii. Hawakufukuzi, wanakushusha tu. Kesho unakuta mutu mwingine anaandika majina ya poste, na wewe unaangalia chini.

Hatusemi kwamba Collingwood walipoteza fainali juu ya habari ile. Wawili wale walicheza kwa nguvu musimu muzima, na ekipe ilimaliza ya kwanza. Tunasema tu kwamba siku ya fainali, ndani ya jezi moja kulikuwa watu waliokuwa wamelipishwa kwa kuuliza swali la haki.

Nusu ya kwanza

Collingwood walianza sawa moto wa majani makavu. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, walikuwa na magoli 4 na pointi 8 za pembeni, jumla 32. Carlton hawakuwa na goli hata moja: pointi 3 tu. Tukiangalia hesabu ile leo tunaona kitu ambacho furaha ya wapenzi iliweza kuficha. Collingwood walikuwa wamepiga pembeni mara 8. Kama nusu ya mipira ile ingeingia katikati, muchezo ungekwisha mapema.

Sehemu ya pili wakazidisha. McKenna alikuwa anadaka kila kitu. Halafu, katika kukimbilia mupira, yeye na Tuddenham wakagongana, watu wa ekipe moja. McKenna akaanguka, kichwa kikazunguka. Alibaki uwanjani na alimaliza siku na magoli 6, lakini hakuwa tena mutu yule wa mwanzo. Leo mupira wao uko na sheria kali juu ya kichwa kilichogongwa: mutu anatolewa, daktari anamupima. Wakati ule walimuinua tu, aendelee. Wale wetu waliopigwa na jiwe chini na wakaambiwa wamalize poste yao wanaelewa.

Ndani ya sehemu ile ile ya pili kulitokea kitu kimoja ambacho Waaustralia wanakionyesha watoto wao mupaka leo. Mupira ulipigwa juu. Graeme Jenkin wa Collingwood, mutu murefu, alisimama kuungojea. Nyuma yake akaruka Alex Jesaulenko wa Carlton, akapanda juu ya mabega yake, akabaki kule juu, na akaudaka. Tumeangalia picha ile mara nyingi kwenye telefone, na kila mara tunajiuliza mutu yule alishikwa na nini hewani.

Jesaulenko alizaliwa Salzburg, Austria, katika 1945, mutoto wa wakimbizi wa vita, baba wa Ukraine na mama wa Urusi. Walifika Australia katika 1949. Mupira huu alianza kuucheza akiwa kijana tayari, na katika 1970 alipiga magoli 115. Leo medali inayopewa mutu aliyedaka vizuri kuliko wote katika mwaka iko na jina lake. Mutoto wa wakimbizi! Wamama wetu waliokimbia vita wakiwa na watoto mugongoni, musome mistari hii mara mbili.

Lakini kudaka kule hakukubadili hesabu. Saa ya mi-temps: Collingwood 73, Carlton 29.

Mi-temps

Juu ya Barassi watu wamesimulia mengi, sababu alikuwa mutu wa kupaza sauti. Siku ile alifanya mambo mawili ambayo yanajulikana.

La kwanza, alibadilisha namna ya kazi. Siku zile desturi ya mupira wao ilikuwa kudaka, kusimama, na kupiga mbali kwa muguu. Unapiga mbele, na unaomba Mungu mwenzako aupate. Barassi aliwaambia waache kungoja. Mutu akipata mupira, asiuweke kwake: ampe mwenzake wa karibu kwa ngumi, yule ampe mwingine, wakimbie, wasisimame, hata kama wako karibu na nguzo zao wenyewe na iko hatari. Mupira upite mikononi mwa wengi mbele ya adui kujipanga.

La pili, alimutoa Bert Thornley na kumuingiza Ted Hopkins. Hopkins alikuwa mutu wa benchi, kijana mudogo wa mwili, mwenye nywele za njano. Alitoka Moe, katika bonde la Latrobe, inchi ya makaa ya mawe, mahali ambapo watu wanachimba makaa ya kuwashia umeme wa Melbourne. Watu wengi kati ya wale 121.696 hawakuwa wamefikiri juu yake hata dakika moja asubuhi ile.

Nusu ya pili

Dakika za kwanza tu, Hopkins akapiga goli. Kisha lingine. Mupira ulikuwa unatoka nyuma kwa ngumi, mutu kwa mutu, na ukifika mbele Collingwood walikuwa bado wanageuka. Brent Crosswell alikuwa kila mahali. John Nicholls, kapiteni, mutu mukubwa wa katikati, alikuwa anawapa wadogo njia kwa mwili wake. Katika sehemu ya tatu Carlton walipiga magoli 8, na hakuna hata moja lililokwenda pembeni. Nane kwa nane.

Collingwood hawakulala. Nao walipata magoli 3 katika sehemu ile. Sehemu ya tatu ilipokwisha hesabu ilikuwa Collingwood 94, Carlton 77. Tuseme wazi, sababu watu wanaosimulia wanasahau: nyuma ya kazi yote ile, Carlton walikuwa bado nyuma kwa pointi 17. Walikunywa maji na kurudi.

Katika sehemu ya mwisho Collingwood walipata goli 1 na pointi 1 ya pembeni, basi. Miguu ilikuwa imekwisha, na tunafikiri kichwa pia. Mutu aliyeshika ushindi kwa mikono miwili saa ya mi-temps anaanza kuulinda, na anasahau kuufanyia kazi. Carlton walipiga 5. Hopkins alifika magoli 4 kwa jumla. Kisha, muchezo ukiwa karibu kuisha, Jesaulenko aliupata mupira, akapiga akikimbia, na hakukuwa mutu mbele ya nguzo. Mupira ukadunda, ukadunda tena, ukaingia.

Carlton 111, Collingwood 101. Katika mandishi yao: magoli 17 na 9 za pembeni, kwa magoli 14 na 17 za pembeni. Muhesabu: Collingwood walipata alama mara 31, Carlton mara 26. Waliofika mara nyingi zaidi njo walipoteza.

Nyuma ya kombe

Bob Rose alikuwa amepoteza fainali tatu akiwa kocha: kwa pointi 4, kwa 1, na kwa 10. Jumla pointi 15, na hakuna kombe hata moja. Collingwood walingoja mupaka 1990, miaka 32 tangu kombe la 1958. Sisi hatuwacheki. Katika kombe la Afrika la mwaka ule ule wa 1970, Englebert yetu, mama ya Mazembe, ilileta sare ya 1-1 kutoka Kumasi, halafu ikafungwa 2-1 na Asante Kotoko Kinshasa, nyumbani. Wazee wetu walijua uchungu ule.

Hopkins hakukaa sana katika mupira. Nyuma ya fainali ile alicheza kidogo tu, akaacha. Baadaye alianzisha kampuni ya kuhesabu kila kitu katika muchezo: nani alishika, nani alitoa, nani alikimbia. Mutu wa benchi njo alikuja kuwafundisha wengine kuhesabu kazi isiyoonekana.

Na wachezaji? Katika 1973 walitengeneza sendika yao. Aliyekuwa mbele katika kuianzisha ni Geoff Pryor, mumoja wa wale watano waliogoma Essendon katika 1970. Katika 1983 muchezaji mumoja, Silvio Foschini, aliipeleka VFL mahakamani juu ya karatasi ile ya ruhusa, na mwamuzi akasema kwamba kumufunga mutu vile ni kumuzuia asifanye kazi yake. Mulango ukafunguliwa. Kumbe wale walioshushwa cheo mwanzo wa 1970 hawakupoteza bure. Walikuwa tu katika sehemu ya kwanza ya muchezo.

Na sisi?

Hatupendi mahubiri marefu, na wasomaji wetu wanatoka poste wamechoka. Tutasema neno moja tu, juu ya benchi.

Katika mines zetu kuko watu wa aina mbili. Kuko wale wenye mukataba wa kampuni kubwa, na kuko wale wa sous-traitance. Wanashuka shimo moja, wanavuta vumbi moja, wanafanya kazi ile ile. Lakini mushahara si mumoja, matunzo ya familia hospitalini si mamoja, na mukataba wa wengine unakwisha kila miezi michache. Wakati wa kuzungumuza na wakubwa, sisi wenye mukataba tunakaa mezani na kudai kwa ajili yetu. Wale wa sous-traitance tunawahesabu sawa watu wa akiba. Banasemaka: hao haiko ba kwetu, bako na patron yao.

Sisi tunasema hiyo ni njia ya kupoteza. Wakubwa wanajua vizuri kwamba tukidai sana, wataongeza watu wa sous-traitance na kutupunguza sisi. Mushahara mudogo wa ndugu yule njo kamba wanayotumia kuuvuta wetu chini. Carlton hawakushinda na watu wale wale waliokuwa nyuma kwa pointi 44. Waliita mutu wa benchi, kijana wa inchi ya makaa, na walimupa mupira. Kumuita bila kumupa mupira haingesaidia kitu.

Kwa hiyo katika mazungumuzo yanayokuja tunaomba délégués wote wafanye hivi: mbele ya kwenda mezani, wakae na wenzetu wa sous-traitance, waandike malalamiko yao katika orodha moja na yetu, na jambo la matibabu ya familia liwe la wote. Tunajua wengine watasema tuko nyuma sana, mwaka huu umekwisha, tungoje mwaka kesho. Tunawajibu kwamba Carlton, kisha magoli 8 bila kukosa, walikuwa bado nyuma kwa 17, na walirudi uwanjani.

Wamama, tunawaomba nyinyi pia. Munajua nani katika avenue yenu anafanya kazi bila karatasi, nani mutoto wake alirudishwa hospitalini juu ya mukataba wa baba. Muambie délégué wenu jina na shida. Mukutano utakuwa nyuma ya poste ya asubuhi, mahali pa kila siku. Mukuje pamoja na yule wa sous-traitance anayekaa karibu yenu.